Tangi la Motokari ya Wareno

Siku tuliyomzika dada yangu Sharifa, mwanawe Issa alifika hapa Lisekese na lori lake limejaa waombolezaji kutoka Newala, akaliegesha uani, karibu na mafiga tuliyotelekea maji ya kumwoshea marehemu. Watu walikuwa bado wanashuka. Wanawake walijitanda khanga na kuanza kulia kabla hawajafika mlangoni, wanaume walipeana mikono ya pole, na mimi nimekaa mkekani nikiyaangalia maji yasichemke kupita kiasi. Ndipo upepo ulipogeuka nikasikia harufu. Ni harufu ambayo siwezi kuikosea hata nikiwa usingizini, kali kidogo, tamu kidogo, inayopanda puani na kuondoka upesi. Nikamwita Issa, ambaye siku hizi ni mtu mzima mwenye mvi na tumbo, nikamwambia alisogeze lori mbali na moto kwa sababu tangi lake linavuja.

“Shikamoo, mama mdogo,” alisema, maana hakuwa hata amenisalimia. “Pole na msiba. Tangi ni zima. Nililitazama mwenyewe asubuhi, kavu kabisa.”

“Marahaba. Nimesema lisogeze. Halafu mtu aniletee unga wa muhogo.”

Alilisogeza kwa kunistahi tu. Nyuma yangu nilimsikia mwanamke mmoja akimnong’oneza mwenzake kwamba msiba umenizidi, mtu hajazikwa nami naulizia unga. Wale wanaojua kwa nini nilitaka unga wote wameshatangulia, wa mwisho alikuwa ndani ya nyumba amefunikwa shuka, kwa hiyo sikumlaumu. Lakini nilisema moyoni kwamba msiba huu ukiisha nitayaandika mambo haya, maana nimejifunza kusoma na kuandika ukubwani na sijapata bado kitu cha maana cha kuandika zaidi ya barua za kuomba korosho zetu zipimwe kwa haki. Nasema bila haya: kabla watu wa Masasi hawajajua neno tangi, mimi Somoe nilikuwa nimeshalala chini ya motokari na kuliambia tangi lake lilipotoboka.

Sitaeleza hapa nilizaliwa na nani wala tulikuwa wangapi nyumbani. Nataka kueleza mwaka mmoja, ule wa mwisho wa Wadachi, yaani Wajerumani, kule juu Newala. Wareno walikuwa wamevuka Ruvuma wakaliteka boma, Wadachi wakarudi wakawazingira na kuwakatia njia ya maji, na baada ya siku za risasi Wareno wakatoroka na midomo iliyopasuka kwa kiu. Sisi tuliozaliwa kwenye uwanda wa Makonde tuliwaonea huruma kwa hilo la kiu, kwa mengine hapana. Kule juu udongo unakunywa mvua yote na hauachi kitu. Maji yako bondeni, unateremka kwa ajili yake alfajiri na kupanda nayo jua likiwa utosini, na mtungi ukivuja njiani unafika nyumbani na shingo inayouma na mtungi mtupu. Wareno waliacha nyuma nyumbu wachache, masanduku yaliyovunjwavunjwa, na motokari moja ya kubebea mizigo, ambayo Wadachi waliisukuma wakaiweka ndani ya boma chini ya banda la nyasi, wakaweka na askari wa kuilinda utadhani ingekimbia.

Katika siku zile za risasi kipande cha chuma kilipenya ukuta wa udongo kikamwingia dada Sharifa kwenye muundi wa mguu wa kulia. Mwanzoni alikitukana tu, akaendelea kutwanga. Kisha mguu ukavimba, ukawa mweusi, na chumba chake kikaanza kunuka. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba zote nilizokaa baadaye: mlango mfupi wa kuinamia, kitanda cha kamba kilicholegea katikati, chungu cha maji pembeni kimefunikwa kwa kata, na Issa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, akizunguka kitanda kwa kushikilia miguu yake minne. Nilipika ming’oko, vile viazi vya porini, na kisamvu kisicho na chumvi, maana chumvi ilikuwa haipatikani kwa mtu yeyote. Dada alikula vijiko viwili na kuniambia nimpe mtoto. Masasi alikuwepo daktari wa Wadachi, hilo tulilijua, lakini Masasi ni mbali, mume wangu na mume wake walikuwa wamechukuliwa upagazi, na hapakuwa na mwanaume aliyebaki mwenye mabega ya kubeba machela.

Jirani yetu alikuwa Mama Chande, kiongozi wetu sisi wanawake wa maji na mwoshaji wa maiti za wanawake. Siku moja nilikuwa ndani namgeuza dada ubavu, nikamsikia nje ya ukuta akiongea na mwenzake kwa sauti ya chini, sauti ile ambayo watu hudhani mgonjwa haisikii.

“Hii sabuni nimeificha tangu kabla ya vita,” alisema. “Nnawaosha wengine kwa majani, hawalalamiki. Lakini Mama Issa, kwa mguu ule, asiende kaburini ananuka. Ni yake hii.”

“Unadhani lini?”

“Mwezi mwingine hauoni.”

Kisha aliingia, akaitikia shikamoo yangu kwa upole, akachomeka juu darini kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba, akaondoka bila kusema ni nini. Dada alikitazama pale juu, akanitazama mimi. Alikuwa amesikia yote. Nilimchukia sana Mama Chande saa ile, ingawa nilijua kwamba alikuwa ametupa kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kuanzia hapo kila nilipoingia chumbani macho yangu yalikwenda kwanza darini, ndipo kitandani.

Mimi nilikuwa mmoja wa wanawake waliolazimishwa kupeleka maji bomani. Tuliyamimina kwenye mapipa nyuma ya jiko, na jiko lilipakana na banda la motokari. Ndivyo nilivyomjua Fundi Mabruki, mtu wa Lindi, mfupi, mwenye masikio makubwa, aliyejifunza mashine kwenye shamba la katani kabla ya kuvalishwa nguo za askari. Aliisemesha motokari siku nzima. Alikuwa na tabia ya kutugawia vipande vya samaki mkavu aliotumiwa kutoka kwao, na kwa watu tuliokuwa hatujaonja chumvi, samaki yule tulimnyonya mpaka miba. Asubuhi moja nilimkuta amesimama mbele ya Bwana wa boma, Mdachi mwembamba aliyejua Kiswahili na kukisema kwa hasira hata alipokuwa hana hasira. Nikamimina maji polepole ili nisikie.

“Petroli inakwenda wapi, Mabruki?”

“Sijui, bwana. Jana jioni nilipima kwa kijiti, ikafika hapa. Leo imeshuka mpaka hapa. Chini ya gari hakuna tone.”

“Askari wanaiba.”

“Waifanyie nini, bwana? Hainyweki.”

Nilielewa kutokana na mazungumzo yao kwamba Wareno walikuwa wameacha madebe machache ya petroli, ya kuifikisha motokari Masasi mara moja na isirudi. Bwana alitaka kuwapeleka askari wake waliojeruhiwa kwa daktari. Lakini tangi lililokuwa chini ya kiti cha dereva lilikuwa linapoteza petroli, na kila siku iliyopita safari ilizidi kuwa fupi. Mwishowe Bwana akaamuru tangi litolewe, wanawake walete maji ya kulijaza birika la nyumbu, tangi litumbukizwe na kupulizwa ili waone mapovu yanatokea wapi. Nadhani kwao Ulaya ndivyo inavyofanyika, na ni njia nzuri mahali ambapo mto unapita nyuma ya nyumba.

Habari ziliposhuka bondeni, wanawake waliketi chini na mitungi yao wakakataa kusimama. Birika lile lilikuwa kubwa, na mwaka ule chemchemi ilikuwa inatoa maji kwa kusitasita. “Watoto wananyonya matambara yaliyoloweshwa,” alisema Mama Chande. “Wareno wamekufa kiu humu humu juzi. Leo tukakinyweshe chuma?” Walikuwa wanazungumza habari ya kukimbilia msituni. Mimi nilikuwa nafikiri jambo lingine kabisa. Nilikuwa nafikiri kwamba kuna kitu kinakwenda Masasi, kina magurudumu, na hakihitaji mabega ya mwanaume. Nikapanda kilima peke yangu, nikaingia bomani na mtungi kichwani ili askari wa mlangoni asiniulize, nikasimama mbele ya Bwana.

“Bwana, tundu la tangi nitalitafuta mimi, bila maji. Nikilipata, dada yangu apande motokari mpaka Masasi.”

Alimgeukia Fundi kama vile ni Fundi aliyesema. Mabruki akakuna sikio. “Hawa maisha yao ni mitungi, bwana. Kitu kinachovuja wanakijua.”

“Kesho jioni,” alisema Bwana. “Ukishindwa, maji yanaletwa, na dada yako anabaki.”

Sasa nieleze ujuzi wetu, kwa sababu hapa ndipo nilipokaribia kuua watu. Kule juu mtungi mpya haujaribiwi kwa maji, maji ni ya kunywa. Tunaujaribu kwa moshi. Unaweka ndani makaa machache, unatupia majani mabichi juu yake, unaufunika mdomo kwa kitambaa kizito, kisha unauzunguka taratibu ukiutazama. Penye ufa, hata ule ambao ukucha hauusikii, utaona uzi mwembamba wa moshi unachungulia nje. Nilifundishwa hivyo nikiwa mwali, na sijawahi kubeba mtungi mbovu. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilikwenda bomani nikiwa na kigae cha makaa mekundu na fungu la majani mabichi, natembea kwa madaha, nimejaa heshima yangu mwenyewe. Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya tangi na kifuniko chake kiko wazi. Aliinua kichwa, akaona makaa, akaona ninakokwenda. Sijawahi kuona mtu mfupi akiruka namna ile. Alikipiga kigae kwa teke kikaangukia mchangani nje ya banda, akayafukia makaa kwa mikono miwili, akakaa juu yake anahema.

“Binti,” alisema alipopata pumzi, “unataka sote twende Masasi kwa kupitia angani?”

Nilikasirika, nikamwambia ameharibu moto wangu. Hakubishana. Alichovya kijiti chenye pamba tangini, akaenda mbali, akadondoshea mchangani, akafukua kaa moja na kulitupa kutoka pale aliposimama. Mwali ulisimama kabla kaa halijagusa chini. Nilirudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagota kwenye nguzo. Ndipo nikaelewa nilikuwa na nini mkononi. Fundi angeweza kumwambia Bwana, na safari ya dada ingekuwa imekwisha hapo. Hakumwambia. Alisema tu, “Moshi basi. Una lingine?”

Nilikwenda nyumbani nikalifikiria. Nguo yangu ilikuwa imepata harufu, na Mama Chande aliyekuja kumtazama mgonjwa akainusa na kukunja uso. “Maji yasiyo maji nnayajua,” alisema. “Mume wangu alinyunyiziwa maji wakati wa vita vya Maji Maji, akaambiwa risasi haitamwingia. Sikuletewa hata shuka lake. Kaa mbali na maji usiyoyateka mwenyewe, Somoe.” Nilimsikiliza huku natwanga makopa ya muhogo kwa ajili ya ugali wa jioni. Niliupepeta unga, vumbi lake jeupe likanitua mkononi, na pale penye jasho likashika, pengine likaanguka. Nikaacha kupepeta. Petroli hukauka upesi, ndiyo maana Fundi alipapasa chini ya tangi akakuta pakavu. Lakini ikitoka kidogo kidogo na kukuta unga mkavu, unga utainywa kabla hewa haijaichukua. Nilichukua unga wote tuliokuwa nao. Dada akaniuliza tutakula nini, nikamwambia tutakula Masasi.

Fundi hakucheka. Tulilifuta tangi kwa kitambaa mpaka likang’aa, tukalala chali chini ya motokari, mimi upande huu na yeye upande ule, nikalipaka unga tumbo lote na maungio yote, nikipuliza kutoka kiganjani ukashika kila mahali. Halafu tukangoja. Vumbi lilituingia machoni, nzi walitutembelea, askari walikuja kuchungulia miguu yetu na kutoa maneno ya kipuuzi ambayo Fundi aliyajibu bila kugeuza shingo. Unga ulibaki mweupe. Nikaanza kuona dari ya chumba cha dada na lile jani la mgomba. Kisha nyuma ya ukanda wa chuma uliolishikilia tangi, mahali ambapo jicho lisingefika bila kutafuta, unga ukaanza kuingia giza. Doa dogo kwanza, la ukubwa wa punje ya mtama, halafu likashuka likawa mstari. Ukanda ulikuwa umelisugua tangi safari yote kutoka Ureno au kokote lilikotoka, mpaka maungio yakafunguka.

“Pale,” nikasema.

“Pale,” akasema Fundi. Alitoka chini, akaenda kumwita Bwana, naye Bwana akalala chini na nguo zake safi akatazama. Alipoinuka alikuwa na unga puani. Aliniambia neno moja tu: “Ziba.” Nilikuwa na umri wa kama miaka ishirini, sijui kusoma, nimevaa kaniki iliyochanika, na nilijiona mrefu kuliko bendera yao.

Kuziba nilidhani ni kazi ndogo, na watu wote wa Newala walidhani hivyo. Tulikuwa watu wa mpira wa porini. Wadachi walikuwa wametufanya tuugeme miaka na miaka, na kibuyu kilichopasuka au mtungi wenye ufa tuliuziba kwa utomvu ule ukadumu kuliko udongo wenyewe. Mama Chande mwenyewe alileta bonge, akalilainisha kwa meno, nami nikalisukuma kwenye ufa na kulipiga kidole gumba. Likakaa vizuri, limejaa, limelala sawasawa. Tulilisifu. Alasiri nilipogusa, kidole changu kiliondoka na uji mweusi unaonata, na unga chini yake ulikuwa umelowa upana wa kiganja. Petroli ilikuwa imeula mpira wetu ikaumaliza. Fundi alisema hata nta itakwenda hivyo hivyo, na kulehemu kunataka moto, mambo ya moto tulishayamaliza. Akakaa kwenye gurudumu ameshika kichwa.

“Kule Lindi nilimwona Mhindi mmoja akiziba kwa sabuni,” alisema. “Sabuni inaogopa maji, petroli haiiogopi. Unaisugua kwenye ufa inashika. Lakini sabuni nani anayo leo? Bwana mwenyewe ananawa kwa majivu.”

Nilijua sabuni iliko.

Nilipoingia chumbani na kupanda juu ya kinu ili nifikie dari, Mama Chande alikuwa amekaa mlangoni na Issa mapajani. Hakupiga kelele. “Teremka, mwanangu,” alisema. “Hicho ulichoshika si chako, wala si changu tena.”

“Nakihitaji kwa ajili ya tangi.”

“Wataka kukipaka chuma sabuni ya maiti? Na motokari ikikwama porini? Atakufa huko juu ya vyuma, na hutakuwa na cha kumwoshea. Umelifikiri hilo?”

Nilikuwa nimelifikiri njia nzima. Nilibaki juu ya kinu na lile jani mkononi. Dada Sharifa ndiye aliyesema. Alikuwa hajazungumza tangu nilipochukua unga, na sauti ilimtoka kwa kukwaruza.

“Mama Chande, unajua nakuheshimu. Lakini hiyo sabuni imenikodolea macho siku zote hizi kama mwenye nyumba anayetaka chumba chake. Mpe akapake. Bora ninuke nikiwa hai.”

Mama Chande alimteremsha Issa mapajani, akasimama. Kisha akanyoosha mkono, akalifungua lile jani mwenyewe, akakinusa kile kipande cha manjano, akanikabidhi. “Akifa, nitamwosha kwa majani,” alisema. “Na nitakupiga.”

Tuliisugua sabuni kwenye ufa kwa nguvu zetu zote, mimi na Fundi kwa zamu, tukalegeza ukanda na kutia kipande cha ngozi chini yake usisugue tena. Nikapaka unga upya. Jioni Bwana alikuja, akalala tena chini. Unga ulikuwa mweupe kila mahali. Asubuhi ulikuwa mweupe bado. Wakampakia dada pamoja na askari wanne, na Mama Chande akampandisha Issa na kapu la ming’oko ya kuchemsha, akaniambia nisirudi bila habari. Nilikaa mbele na Fundi, nina kipande cha sabuni kilichobaki na kifuko cha unga. Wanawake wa maji walisimama kando ya njia na mitungi kichwani wakapiga vigelegele, na nitasema kweli, vilikuwa vyangu.

Njia haikuwa njia. Motokari iliruka, ikapiga chafya, na kila iliposimama nilishuka na kulala chini kutazama. Mara mbili doa lilianza, nikasugua sabuni, likakoma. Kilichonitisha hasa kilikuwa juu. Tulipofika ukingoni uwanda unapoteremka kuelekea Masasi, mawingu yalikuwa yamejaa, na mimi niliyezaliwa kwenye nchi inayolilia mvua nilijikuta namwomba Mungu asiinyeshe. Ilinyesha. Chini ya mteremko matope yalikuwa yanarukia tumboni mwa gari, na nilijua maji yakiipata sabuni kila kitu kimekwisha. Nikamwambia Fundi asimame. Nilivua kaniki yangu ya juu, nikaivingirisha kwenye tangi pale penye ufa, nikaifunga kwa kamba za mgomba, na njia iliyobaki nilikaa nimejikunyata na nguo ya ndani peke yake, mbele ya askari wanne na mtu wa Lindi. Mmoja wao, aliyekatwa mkono, alinitupia blanketi lake.

Motokari ilizimika Mkomaindo, pale ambapo siku hizi kuna hospitali na wauza vitumbua. Fundi alichovya kijiti tangini, kikatoka kikavu. Daktari hakuwa mbali, na watu wakatoka kutubebea wagonjwa. Alimpasua dada muundi, akatoa chuma, akakata nyama iliyooza, na dada alimtukana kwa Kimakonde kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alipona. Alibaki na kovu refu na mwendo wa kuchechemea. Kabla mwaka haujaisha Wadachi walipita wakikimbilia Ruvuma na Fundi Mabruki akachukuliwa nao. Nilimtafuta miaka mingi kwa kuulizia watu wa Lindi, sikumpata. Waingereza wakaja na motokari nyingi mno. Sisi hatukurudi juu tena. Tulilima hapa Lisekese, kwa sababu moja ambayo dada hakuchoka kuieleza kwa kila mgeni: hapa maji yako karibu.

Basi siku ile ya msiba, Issa alilala chini ya lori lake akiwa na suruali yake ya heshima, nami nikasimama kando nikimwelekeza mahali pa kupuliza unga. Hatukungoja sana. “Mama mdogo,” aliita kutoka chini, na sauti yake ilikuwa imebadilika. “Nyuma ya ukanda. Pameloa.” Wale wanawake walionong’ona waliinama kuchungulia. Issa alitoka akijifuta, akaniuliza kama nina kipande cha sabuni azibe mpaka afike gereji, maana aliona mche mpya wa sabuni kwenye beseni nililokuwa nimelishika.

“Hii ina mwenyewe,” nikamwambia. “Nenda dukani ukanunue ya tangi.”

Maji yalikuwa tayari. Niliingia ndani nikafunga mlango, tukamfunua dada Sharifa. Mwoshaji, mwanamke kijana wa hapa Lisekese, alinionyesha kwa heshima utaratibu, kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikalowesha ile sabuni, ambayo ilikuwa imechelewa maisha mazima, nikaanza na mguu.